Haya basi, mimi ni mtoto

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anasema kukusanya visanamu vya kutikisa kichwa (vile ambavyo kichwa kimeshikwa na springi) ni utoto wa watu wazima. Haya basi, mimi ni mtoto. Ila angegusa historia kidogo. Vile vya wachezaji wa besiboli wa Marekani vya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kina Willie Mays na Mickey Mantle, vilitengenezwa Japani kwa rojo la karatasi, ndiyo maana vizima ni adimu: rangi hupasuka, shingo humeguka. Baadaye ikaja plastiki. Mwaka 1999 timu ya besiboli ya San Francisco Giants iligawa 35,000 vya Mays uwanjani, na homa ya kuvikusanya ikarudi upya. Leo katika mji wa Milwaukee, Marekani, kuna jumba zima la makumbusho ya visanamu hivi, na tarehe 7 Januari ndiyo sikukuu yetu sisi wakusanyaji (msicheke).

Changu nikipendacho kina ufa chini ya sikio na springi imelegea. Ukipita tu karibu na rafu, kinaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mke wangu anasema ndicho pekee humu ndani kinachokubaliana nami. Gundi nimenunua, lakini kukitengeneza sithubutu.