Kanuni mmeipeleka wapi?

Jamani, hiki kikundi cha taarab cha mtaani kwetu kimenichosha. Jumamosi nimekwenda arusini na hamu yangu ya kusikia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, nikakuta gitaa la umeme, kinanda cha kuchomeka na spika mbili kama makabati. Mzee mpiga udi yupo, kakalishwa pembeni na tari! Mwimbaji anatupa fumbo, mimi nasikia "dum dum" tu. Shoga yangu kaniuliza mara tatu, "Kasemwa nani?" Nitajuaje? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, santuri inakwaruza, lakini neno lake unalipata. Hawa na umeme wote huo! Hela ya kutuza nimerudi nayo nyumbani, imefungwa vilevile kwenye pindo la kanga.