Mawenzi Uko Upande Gani?

Wanafunzi wa ubunifu wa picha tunapopangiwa mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, huogopa zaidi kufika kazini na kugundulika kwamba hatuijui vizuri programu inayotumika pale. Mimi pia niliogopa, na wiki nzima kabla ya kuripoti nilikesha kwenye kompyuta ya kuazima nikikariri vitufe vya kibodi. Sasa nimemaliza wiki nane katika kampuni moja ya ubunifu na uchapaji hapa Moshi, na maoni yangu yamegeuka. Naona siku ya kwanza ya mwanafunzi wa fildi isianzie kwenye programu kabisa, na kampuni inayomkalisha mbele ya kompyuta tangu asubuhi inampa heshima ambayo bado hajawa na matumizi nayo.

Niliripoti saa mbili kasorobo, nikiwa na barua ya utambulisho mkononi na viatu vilivyonibana. Msimamizi wangu, mama wa makamo ambaye pale kila mtu humwita Dada, aliitikia shikamoo yangu, akaisoma barua akiwa amesimama, kisha akanipeleka moja kwa moja nyuma, kwenye giloteni ya kukatia karatasi. Fundi alikuwa anakata kadi za biashara zenye rangi ya kijani iliyojaa mpaka ukingoni. Nilipewa kazi ya kuzichambua, nzuri upande huu na mbovu upande ule.

Mbovu zilikuwa nyingi. Aliyezichora alikuwa ameikomesha ile kijani palepale kadi inapoishia, badala ya kuiacha ivuke kwa milimita 3 kila upande, kama wachapaji wanavyotaka. Karatasi zikirundikwa nyingi chini ya kisu, baadhi husogea kidogo, na kosa la nusu milimita tu linatosha kuacha uzi mweupe pembeni, mwembamba kama kipande cha ukucha, ambao ukishauona mara moja macho hayawezi tena kuuacha. Darasani nilikwisha kuziandikia milimita hizo jibu la mtihani na kupata alama zote. Sikuwahi kujua kwamba maana yake ni mtu kusimama saa nzima akitupa kwenye pipa kadi ambazo wino wake umelipiwa. Tangu siku hiyo sijasahau hata mara moja kuacha ziada, na sidhani kama kukumbuka huko kumetokana na mtihani.

Mchana ndipo nilipopewa kompyuta. Katika mji huu karibu kila mteja anautaka Mlima Kilimanjaro kwenye nembo yake, awe anauza kahawa, anaendesha shule au anapandisha watalii, na kazi niliyokabidhiwa ilikuwa rasimu ya nembo ya kampuni ya utalii. Nilitafuta picha kwenye intaneti, nikapata moja nzuri yenye tembo mbele na theluji nyuma, nikafuatisha mistari ya vilele kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Dada alikuja akaitazama kwa muda.

“Mdogo wangu, Mawenzi uko upande gani?”

Nikajibu kwamba Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo baada ya Kibo, uko kushoto, kama ulivyoonekana kwenye picha. Hakubishana nami. Alinitoa hadi mlangoni akanielekeza nitazame kaskazini, ambako, kama kawaida ya saa hizo, kulikuwa na mawingu matupu. “Basi rasimu haiendi kwa mteja mpaka mlima ufunguke,” akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Nimezaliwa Majengo, hapa hapa Moshi. Nimekua nikiuona mlima huo kila asubuhi niendapo shule, na bado niliuchora kinyume, kwa sababu picha yenye tembo ilikuwa imepigwa Amboseli, upande wa Kenya. Anayesimama huko yuko kaskazini mwa mlima, kwa hiyo Mawenzi humwangukia kushoto. Sisi tulioko Moshi tuko kusini, na kwetu Kibo, wenye mita 5,895, uko kushoto, huku Mawenzi, wenye mita 5,149 na kilele kilichochongoka kama meno, ukiwa kulia. Waongoza watalii wa yule mteja wangeliona kosa hilo kabla hata nembo haijabandikwa kwenye mlango wa gari. Programu haikuniuliza chochote. Iliupokea mlima wangu wa kinyume na kuulainisha mistari.

Najua wapo watakaosema kwamba kumweka mwanafunzi mbali na kompyuta ndiyo njia inayotumiwa na baadhi ya kampuni kumgeuza mtumwa wa kufagia na kununua chapati. Ni kweli, na wenzangu wawili yaliwapata hayo kwa mwezi mzima. Hata hivyo, anayetumwa chapati haulizwi kitu na mtu, wakati mimi niliulizwa swali moja na kuachiwa saa nne za kulitafutia jibu, na hilo ndilo ningependa vyuo viziombe kampuni zitupatie kabla ya kuulizia idadi ya kompyuta zilizopo.

Saa kumi na mbili kasoro jioni mawingu yalianza kuachia, kwanza upande wa Kibo, halafu taratibu upande wa pili. Nilichukua moja ya kadi mbovu za asubuhi, nikaigeuza, nikauchora mlima kwa penseli nikiwa nimesimama kando ya barabara, huku wapita njia wakinishangaa mtu wa Moshi anayeutazama mlima kama mgeni. Usiku nikajaza kitabu cha kumbukumbu cha chuo, chenye safu ya kazi iliyofanyika na safu ya ujuzi uliopatikana. Kwenye ya kwanza niliandika kuchambua kadi na kurekebisha nembo, na kwenye ya pili nikaandika kwamba Mawenzi uko kulia. Mwalimu wa chuo alipokuja kunikagua wiki ya nne, aliweka alama ya kuuliza pembeni kwa wino mwekundu, kisha akataka kujua siku hiyo nilitumia programu gani.