Msiniletee Tena Ngozi Iliyochunwa

Jioni ya tarehe 31 Oktoba mwaka jana, saa kumi na mbili kasoro, aliingia saluni kwangu hapa Mafiati, Mbeya, binti mmoja wa chuo. Sherehe yao ya Halloween, ile ya kuvaa mavazi ya kutisha, ilikuwa inaanza saa mbili usiku na mavazi hana. "Anti, nifanyie kitu cha kutisha, lakini cha haraka." Akanionyesha picha kwenye simu: shavu limechanika, ngozi inaning'inia, ndani nyama nyekundu.

Nikamfanyia. Ndiyo maana naandika.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu aliyezoea kupamba maharusi. Unapaka gundi ya kope shavuni, tabaka jembamba. Unachukua tishu, unaitenganisha ibaki karatasi moja, kingo unazichana kwa vidole ili zisinyooke, unabandika. Gundi tena, tishu tena, mara tatu, kisha draya ya baridi. Ikikauka unapitisha faundesheni ya rangi yake mpaka usijue ngozi inaishia wapi na tishu inaanzia wapi. Halafu unatoboa katikati kwa kibanio cha nyusi, unachana, unakunja kingo zitazame nje. Ndani lipstiki nyekundu, na pembeni wanja kidogo ili kidonda kionekane kimezama ndani. Damu ni sirapu ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo, maana bila kakao inang'aa kama soda. Gauni lake jeupe la zamani tulilichana pindo, tukalinyunyizia chai ya rangi ili lionekane limefukuliwa ardhini. Dakika arobaini na tano tulikuwa tumemaliza. Nilijivunia kazi ile. Nilimpiga picha.

Mlangoni kwangu hukaa mama mmoja anayeuza maparachichi. Kwao ni Mbozi. Binti alipotoka, taa ya saluni ikampiga shavuni, na mama yule akainuka ghafla. Beseni likaanguka, maparachichi yakabiringika mpaka mtaroni. Hakupiga kelele. Alivua kanga ya begani, akamfunika binti uso, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. "Mwanangu, nani kakufanya hivi? Nani?"

Binti akajaribu kucheka. Kisha akaona uso wa mama, akaanza kulia, na kazi yangu ya dakika arobaini na tano ikaanza kuchuruzika. Hakwenda sherehe.

Baadaye, nilipomkalisha mama ndani na kumpa maji, aliniambia kaka yake alitoka jioni moja kwenda kwa jirani, wakampata siku ya tatu. "Tulimtambua kwa viatu," akasema. Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Ninyi mliozaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hamkuyasikia, kwa hiyo niyaseme. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wetu ulijulikana nchi nzima kwa uchunaji ngozi. Watu waliuawa, wakachunwa, kwa sababu kuna walioamini ngozi ya binadamu inaleta utajiri. Mbozi ilikuwa bado Mbeya. Songwe imekuwa mkoa mwaka 2016. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tulivyokuwa tunarudi shule kwa makundi, na mama alivyokuwa akikomea mlango jua halijazama. Nakumbuka tulivyoambiwa tusipokee lifti ya mtu, hata mtu huyo akiwa anamjua baba. Na si mambo ya zamani tu. Mwaka 2019, hapo Njombe tu, watoto walichukuliwa wakauawa na miili yao ikakutwa imekatwa viungo. Wazazi wa wale watoto wapo. Wanapanda daladala na sisi, wananunua nyanya pale tunaponunua.

Sasa niambie, picha ile kwenye simu ya binti ilipigwa wapi? Si hapa. Desturi hii ilivushwa bahari na Waairishi waliohamia Marekani, watu waliokuwa wakichonga nyuso za kutisha kwenye tanipu, mzizi mnene kama kiazi, wakafika kule wakakuta maboga. Mtoto wa kule akijipaka kidonda, jirani anafungua mlango, anashtuka, anampa pipi. Utamu wa mchezo uko pale: unaogopa kitu ambacho hakipo, na ukishajua hakipo unacheka. Hapa kwetu kipo. Mama wa maparachichi hakuogopa kitu cha kubuni, alimwona kaka yake. Mchezo wa kutisha unaomrudishia mtu maiti yake si mchezo tena, na mimi niliyeshika brashi nina sehemu yangu katika hilo.

Nimeshaambiwa, "Dada, watu wanajua ni mekapu." Nani anajua? Walioko ukumbini wanajua. Lakini kutoka saluni mpaka ukumbini kuna dereva wa bajaji, kuna mlinzi, kuna mama anayechoma mahindi, kuna mtoto mgongoni. Hao hawajaalikwa kwenye sherehe yenu.

Wanaosema Halloween yote ni ushetani sikubaliani nao. Rangi usoni haijamwita shetani. Ila nakubali, kwa shingo upande, kwamba tarehe ile tayari ina wenyewe: Walutheri wanakumbuka Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1517, kesho yake Wakatoliki wana Watakatifu Wote, na tarehe 2 Novemba watu wanasafisha makaburi ya wapendwa wao. Usiku wa katikati ya hayo si vibaya mtu akatembea kwa adabu.

Jambo la pili ambalo silifanyi tena ni mchawi bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchi hii imeua vikongwe kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini wakiwapikia watoto wao. Bibi yangu alikuwa na macho hayo. Alipokuwa akija mjini tulimvalisha miwani myeusi, naye hakuuliza kwa nini. Alijua. Mtu akija akaniomba nimpake macho ya bibi yangu ili watu wamkimbie, mkono wangu haunyanyuki.

Rafiki yangu wa Iringa akaniuliza, na fuvu je? Swali zuri. Chifu Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na Wahehe walikisubiri mpaka mwaka 1954. Fuvu lile liko kwenye makumbusho ya Kalenga, kule Iringa. Hapa Mbeya fuvu la poda nyeupe na wanja nitalichora, halina jina la mtu. Kalenga nisingelichora.

Wala sikufungi mikono. Una saa moja na unataka watu washtuke? Njoo nikufanyie buibui. Poda nyeupe uso mzima, wanja mzito jicho moja tu, na kutoka kwenye jicho hilo utando unatawanyika mpaka sikioni na shingoni. Gauni jeusi unalo. Au popo: mwavuli mbovu mweusi ukiutoa vyuma na kuukata katikati, kila nusu ni bawa, kingo zake zimeshapinda zenyewe. Unaushona mikononi mwa sweta, midomo myeusi, mashavu nayachonga kwa kahawia mpaka yaonekane yameingia ndani. Chui naye, kwa wanja na faundesheni mbili tu, anapendeza kuliko vidonda vyote.

Jamani, supaglu na rangi ya ukuta msipake usoni, hata kwa dakika tano. Gundi ya kope nayo ijaribuni kwanza mkononi, nyingine zina mpira na kuna ngozi zinazoukataa. Lenzi za macho za rangi zinazouzwa mtaani bila kupimwa na daktari wa macho sizigusi.

Picha niliyompiga binti yule nimeifuta. Yeye alirudi wiki iliyofuata bila kuitwa, akamkuta mama amekaa palepale na beseni lake. Alipiga magoti, "Shikamoo mama." Mama akamshika shavu lile la kushoto, akalipapasa kwa kidole gumba kutoka chini ya jicho mpaka kwenye kidevu, taratibu, akarudia. "Marahaba, mwanangu. Limepona." Akamchagulia maparachichi mawili yaliyoiva, akakataa hela.