Sayanaidi haichagui dhahabu

Kwenye vati nyingi za marudio, yaani matangi ya kutolea dhahabu kwa sayanaidi kwenye mchanga uliokwisha kuchakatwa, kuanzia Geita hadi Chunya, dhahabu isipotoka ushauri huwa mmoja: ongeza sayanaidi. Naupinga ushauri huo kwa nguvu zote. Unamaliza mtaji, unahatarisha watu, na mara nyingi hauongezi hata pointi moja ya dhahabu. Anayeutoa anadhani sayanaidi ni dawa ya dhahabu, kumbe ni dawa ya metali za mpito (kundi lenye chuma, shaba, dhahabu na nyinginezo) karibu zote, na dhahabu ni mmoja tu katika foleni ndefu.

Tuanze na hesabu. Dhahabu haishiki kutu kwa sababu oksijeni peke yake haina nguvu ya kuinyang'anya elektroni. Ikiwepo sayanaidi pembeni mambo yanabadilika: oksijeni inavuta elektroni, na papo hapo ioni mbili za sayanaidi zinaishika ioni ya dhahabu, moja kila upande, katika mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo kompleksi, metali katikati na washikaji wake, yaani ligandi, wameizunguka. Mkemia huandika hivi:

4Au + 8CN⁻ + O₂ + 2H₂O → 4[Au(CN)₂]⁻ + 4OH⁻

Ukipiga uzito wake, gramu 1 ya dhahabu inahitaji nusu gramu tu ya sayanaidi ya sodiamu. Tani moja ya marudio yenye gramu 3 za dhahabu ingetosheka na gramu moja na nusu. Lakini matumizi ya nusu kilo, au kilo nzima, kwa tani si jambo la ajabu. Sasa hiyo nyingine yote imeliwa na nani?

Mlaji wa kwanza ni chuma. Marudio yaliyokaa miaka juani na mvuani, hasa yenye madini ya salfaidi, huchacha yakawa na tindikali, na ndani yake kuna chuma kilichokwisha kuyeyuka. Ioni moja ya chuma hukamatwa na sayanaidi sita. Kwa uzito, gramu 1 ya chuma hula zaidi ya gramu 5 za sayanaidi ya sodiamu, na kompleksi hiyo ni ngumu kiasi kwamba sayanaidi iliyoingia humo haina msaada tena kwa dhahabu. Tiba yake ni chokaa, na chokaa itangulie sayanaidi. Kosa la kumwaga vyote viwili siku moja linarudiwa kila mahali. Chokaa ikichanganywa na mzigo mapema, ikapata maji na hewa usiku kucha, chuma hugeuka kuwa tope la rangi ya kutu ambalo sayanaidi hailigusi kirahisi. Mfuko wa chokaa ni nafuu kuliko ndoo ya sayanaidi, kwa hiyo sioni sababu ya kuibania.

Mlaji wa pili ni shaba, na huyu ndiye mjanja. Shaba kwenye maji ya kawaida unaiona kwa rangi yake ya bluu au kijani. Ikishikwa na sayanaidi inageuka kuwa shaba ya chaji moja, na chumba chake cha elektroni cha ndani, kile wanachokiita d, kimejaa zote kumi. Metali za mpito hupata rangi pale elektroni za d zinapokuwa na nafasi ya kuruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Chumba kikijaa hakuna pa kurukia, na rangi inatoweka. Ndiyo maana maji ya vati yanaweza kuwa meupe kabisa huku yamebeba shaba nyingi. Anayesema “maji ni safi, hakuna shaba” kwa kuyatazama tu anadanganywa na macho yake.

Shaba ipimwe kabla sayanaidi haijaingia. Chukua ndoo ya marudio, yaoshe kwa maji, chuja maji yale kwenye chupa safi, kisha tumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa hadi ukang'aa. Ukivaa rangi nyekundu ya shaba, umeonywa. Unataka uhakika zaidi? Weka maji mengine kwenye chupa ya kioo na udondoshe amonia. Kwanza hutokea utando wa bluu hafifu. Ukiendelea kudondosha utando unayeyuka na maji yanakuwa bluu iliyokolea sana. Molekuli nne za amonia zimeishika shaba, na hiyo pia ni kompleksi. Vipimo hivi ni vya maji ya kuoshea tu. Maji yenye sayanaidi hayatatoa jibu, maana shaba ikiwa mikononi mwa sayanaidi haiachii kwa msumari wala kwa amonia.

Kama shaba ni nyingi, osha mzigo kwa maji matupu, yatoe, na uyapime tena kabla ya kujaza vati. Ukipuuza, kila gramu 1 ya shaba inayoyeyuka itaondoka na gramu 2.3 hivi za sayanaidi ya sodiamu, kwa hesabu ya sayanaidi tatu kwa shaba moja. Na hapo kuna mtego wa pili. Sayanaidi huru, yaani ile isiyoshikwa na metali yoyote, ikipungua, shaba hubaki na washikaji wawili tu, na umbo hilo hupenda kung'ang'ania kwenye kaboni, yale makaa yanayonasa dhahabu kutoka kwenye maji ya vati, likachukua nafasi za dhahabu. Wakati wa kuyeyusha unapata kipande kizito chenye wekundu na usafi wa chini, na mnunuzi anakukata bei. Kwa hiyo si kweli pia kwamba kupunguza sayanaidi ni salama siku zote. Dawa ya ubishi huu ni kupima.

Kipimo chenyewe cha sayanaidi huru ni kizuri sana, kwa sababu kinatumia kompleksi moja kuihesabu nyingine. Yeyusha gramu 4.33 za nitrati ya fedha kwenye maji yaliyokenekwa hadi ifike lita 1, na uitunze kwenye chupa nyeusi. Maji ya bomba hayafai, kloridi yake huifanya dawa iwe kama maziwa. Chukua mililita 25 za maji ya vati yaliyochujwa. Pipeti ivutwe kwa mpira, kamwe si kwa mdomo. Ongeza matone matano ya iodidi ya potasiamu ya asilimia 5, weka chupa juu ya kitu cheusi, kisha achilia nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita na koki, tone kwa tone huku ukitikisa. Fedha inayoingia hukamatwa na sayanaidi mbili mbili, na maji yanabaki angavu. Sayanaidi huru ikiisha, tone linalofuata halina wa kulishika, linakutana na iodidi na ukungu wa manjano hafifu unabaki. Simama hapo hapo. Kila mililita 1 uliyotumia ni gramu 0.1 ya sayanaidi ya sodiamu kwa lita. Mililita 5, basi vati yako ina gramu 0.5 kwa lita. Kama mzigo una shaba nyingi, namba hii husoma juu kidogo, kwa kuwa fedha huweza kuipokonya shaba baadhi ya washikaji wake.

Ukikuta sayanaidi huru ipo ya kutosha na dhahabu bado haitoki, tatizo liko kwingine, na mara nyingi ni hewa. Rudi kwenye ile kanuni uone oksijeni ilivyokaa pale. Maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na ikiisha kazi inasimama hata ukimwaga pipa zima. Fungulia maji yatoke, acha mzigo upumue, kisha rudisha. Mzigo wenye ufinyanzi mwingi haupitishi maji wala hewa, na huo unahitaji kuchanganywa na mchanga au kutengenezwa vidonge kwa chokaa kabla ya kupakiwa.

Sasa pH, namba inayopima tindikali ya maji: ikishuka, tindikali imezidi. Kwenye pH 9.2 nusu ya sayanaidi yako imegeuka kuwa haidrojeni sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Kwenye 10.5 ni kama asilimia 5. Ikishuka hadi 8, zaidi ya asilimia 90 iko tayari kuruka hewani, yaani kwenye pua ya kijana anayesimamia vati. Lenga 10.5 hadi 11, na tumia karatasi za pH zinazosoma kati ya 9 na 13, au mita iliyosahihishwa. Zile karatasi za rangi kuanzia 1 hadi 14 hazina macho ya kutofautisha 9.5 na 10.5. Baada ya mvua kubwa pima upya.

Gesi hii inaua kwa kemia ileile inayotoa dhahabu. Ndani ya chembe za mwili kuna kimeng'enya chenye chuma kinachopokea oksijeni, na sayanaidi inakishika chuma hicho, mwili unakosa pumzi hata kama mapafu yamejaa hewa. Mojawapo ya dawa za hospitali ni haidroksokobalamini, ambayo moyo wake ni kobalti. Kobalti inaipokonya sayanaidi kutoka kwenye chuma, na kinachotokea ni vitamini B12, inayotoka kwa mkojo. Dozi ya mtu mzima ni gramu 5 kwenye mshipa. Naamini kila hospitali ya wilaya yenye vati jirani ingepaswa kuwa nayo kabatini.

Hatari nyingine iko kwenye kuosha kaboni kwa tindikali ili kuondoa magamba ya chokaa. Kaboni isuuzwe kwanza kwa maji mengi hadi isiwe na sayanaidi, na kazi ifanyike mahali pa wazi. Tindikali ikikutana na sayanaidi iliyobaki, gesi inatoka mara moja.

Nimeiacha zebaki mwisho kwa sababu hapa sina maelewano. Marudio mengi yametoka kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, ambako zebaki ilitumika, na mabaki yake bado yamo. Zebaki iliyokaa kwenye mchanga ni nzito na haisafiri sana. Ukiimwagia sayanaidi, inayeyuka kama kompleksi, inatembea na maji hadi kisimani na mtoni, na nyingine inapanda kwenye kaboni pamoja na dhahabu, halafu inafuka usoni pa anayeyeyusha. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, umeweka jambo hili kati ya vitendo vinne vya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kutia sayanaidi kwenye mzigo wa zebaki bila kuiondoa kwanza. Mwenye vati anayenunua marudio aulize yametoka mwalo gani, apeleke sampuli maabara kupimwa zebaki, na jibu likiwa baya auache mzigo huo ulipo.