Mwanga wa Rutheni na Maji ya Mto Nairobi

"Zima taa kwanza, kijana," fundi wa maabara aliniambia nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada. Akaimulika chupa kwa taa ya buluu. Kioevu kilichokuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea kikawaka rangi ya chungwa, kama kaa la moto lililo ndani ya maji. Akapitisha gesi ya naitrojeni kufukuza hewa, na kwa dakika chache mwanga ukazidi mbele ya macho yangu. Akafungua kifuniko, akatikisa chupa, ukafifia.

Tangu siku hiyo naamini kila mwanafunzi wa kemia Nairobi angepaswa kulitengeneza changamano lile, yaani metali iliyoshikwa na molekuli nyingine, kwa mikono yake, kisha akapime nalo oksijeni katika maji ya mto wetu.

Ndani ya chupa kulikuwa na ioni ya rutheni, metali adimu, iliyoshikwa na molekuli tatu za bipiridini, kampaundi ya kaboni yenye naitrojeni. Changamano hilo hunyonya mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 450. Elektroni huhama kutoka kwenye metali kwenda kwenye bipiridini, na ndani ya asetonitrili (kiyeyushi cha maabara) isiyo na hewa hukaa huko nanosekunde 900 hivi, yaani sehemu 900 za bilioni za sekunde, kabla ya kurudi na kutoa mwanga wa chungwa, takriban nanomita 620. Kwa elektroni huo ni muda mrefu mno, na katika muda huo oksijeni hupata nafasi. Molekuli yake ikigongana na changamano hulinyang'anya nishati, na mwanga hautoki tena. Katika asetonitrili, oksijeni ikiondolewa, fotoni (chembe za mwanga) kama 9 hutoka kwa kila 100 zilizonyonywa. Hewa ikiwemo, hazifiki 2.

Kulitengeneza si kazi ngumu. Kloridi ya rutheni, bipiridini, na sodiamu hipofosfaiti ya kuipa rutheni elektroni, vyote huchemshwa majini chini ya kipoza mvuke kwa nusu saa hivi. Myeyuko wa giza hugeuka kijani, kisha mwekundu wa chungwa. (Hapa kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu waongeze dakika chache.) Rutheni ni ghali, tena nyingi hutoka migodi ya platini ya Afrika Kusini, lakini miligramu chache zinatosha muhula mzima. Taa ndogo ya buluu ya kuimulikia utaipata kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, na rangi yake iko palepale changamano linaponyonya.

Sasa mto. Mto Nairobi unapita karibu kabisa na Chiromo, wanakosomea wanakemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka fulani niliazima kipima oksijeni kilichokuwa kimewekwa kwa shinikizo la usawa wa bahari, na hakuna aliyenieleza. Nilipokijaribu kwa maji safi yaliyojaa hewa, yenye nyuzi 20, kilisoma miligramu 9.1 kwa lita. Kwa mwinuko wetu, wa karibu mita 1,700, ambako shinikizo la hewa ni dogo, maji hayo hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7.5 hivi. Vipimo vyangu vyote vya mto vilikuwa vimeongezwa kwa takriban sehemu moja ya tano. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshawaonyesha watu wanaoishi kando ya mto huo namba hizo.

Mwanafunzi aliyejitengenezea kipimo chake hawezi kuangukia hapo kirahisi. Akishapaka chembechembe za silika changamano la rutheni la jamii hiyo hiyo, lenye molekuli za fenanthrolini badala ya bipiridini, akazichanganya na silikoni, hulazimika kulisawazisha mwenyewe: kwanza naitrojeni tupu, kisha hewa ya Nairobi yenyewe, na uwiano wa mianga miwili humpa jibu. Mimi husisitiza wapime muda wa kung'aa badala ya ukali wa mwanga, kwani matope yakipaka kidirisha mwanga hupungua, lakini muda huo haubadilishwi na matope.

Nawaomba wakuu wa idara za kemia watenge wiki nne za muhula kwa kazi hii. Kifaa cha kwanza cha darasa langu kimefungwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Jumamosi asubuhi tutakishusha mtoni, kuanzia daraja la Museum Hill tukielekea mjini.