Hakuna kimya kati ya maneno
Mwandishi wa makala niliyoisoma anadai kwamba ubongo hutenganisha maneno kwa kufuata vituo vidogo tunavyoviacha kati ya neno na neno. Hapo simuungi mkono. Kazi yangu ni kuhariri sauti za redio, na kwenye mchoro wa wimbi la sauti vituo hivyo havionekani: mtu akisema "nimekuja kukuona" inatoka mnyororo mmoja, na kimya kikitokea mara nyingi kiko ndani ya neno lenyewe, pale midomo au ulimi unapoziba hewa kabla ya p, t au k. Ndiyo maana wasemaji wa lugha usiyoijua unawaona wanakimbia, kumbe wanaongea kwa mwendo wa kawaida tu. Mwaka 1996 watafiti Saffran, Aslin na Newport walionyesha kuwa watoto wachanga wa miezi 8, wakisikilizishwa dakika 2 za silabi mfululizo zisizo na kituo, huanza kutofautisha silabi zinazoandamana kila mara na zilizokutana kwa bahati tu. Kiswahili nacho kinatusaidia kujua neno linaishia wapi kwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho (ukiacha machache kama "lazima"). Je, mnaozungumza lugha za toni (ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana), kama Kihaya au Kikuyu, ninyi masikio yenu yanashika nini?