Eti Dodoma hakuna pa kwenda?

Ikifika Alhamisi jioni kwenye ofisi nyingi hapa Dom swali ni moja tu, "unashuka?", yaani wikiendi hii unaenda Dar au unabaki, na ukisema unabaki watu wanaanza kukuonea huruma, wanadhani mshahara umeisha au kuna shida mahali. Tangu treni ya SGR ianze kufika huku Julai 2024 hilo swali limepata nguvu zaidi, maana zamani kushuka ilikuwa kazi, basi linakula siku nzima, sasa unatoka kazini Ijumaa na usiku huohuo unakula na watu wako Dar. Na sababu inayotolewa karibu kila mara ni hiyohiyo, Dodoma hakuna pa kwenda.

Nataka tulipime hili neno, maana naona upande mmoja unaongea sana na upande wa wanaobaki wala hausikilizwi, unachukuliwa kwamba ni watu waliokosa nauli tu.

Wanaoshuka wana hoja, tena sio ndogo. Wengi walihamia huku kuanzia 2016 serikali ilipohama, hawakuchagua, mume au mke akabaki Dar kwasababu kazi yake iko kule, watoto wakabaki shuleni, mzazi mzee yuko Mbagala anasubiri kuletewa dawa, nyumba imeanzwa Kibaha bado haijapauliwa. Mtu kama huyo ukimwambia abaki Dodoma aende kuangalia michoro ya miambani unakuwa humheshimu. Halafu kuna bahari, na bahari haina mbadala huku, hilo tusidanganyane. Na mji wenyewe umejengwa kiofisi ofisi, barabara ni pana na nzuri lakini sehemu yenye kivuli ya kumpeleka mtoto akimbie Jumamosi ni chache, na jua la mwezi wa kumi na vumbi lake kila anayekaa huku analijua. Kwahiyo mwenye familia Dar simsemi hata kidogo, aende na Mungu amsindikize.

Ninayemzungumzia ni yule ambaye kule hana mtu, anaenda kwasababu ameambiwa huku hakuna kitu na ameamini bila kutoka nje ya mji hata kilomita hamsini. Huyu ndio naona anapoteza, na anapoteza hela pia. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa 31,000 Dar mpaka Dodoma, kwenda na kurudi 62,000, mkiwa wawili 124,000, hapo hujapanda bajaji, hujalala, hujala. Fanya mara moja tu kwa mwezi, mwaka mzima inakaribia milioni moja na nusu nauli peke yake. Sisemi ni hela mbaya, treni ni nzuri na naipenda, ila hiyo hela yote inakwenda kwenye mji ambao tayari una kila kitu, wakati mama anayepika barabarani Kolo kule Kondoa au anayekaanga samaki kwenye bwawa la Mtera haoni hata mia ya mtu aliyeko ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali.

Na nikitaja Kolo, kijiji chenye ile michoro ya miambani, ndio nafika ninapopataka. Watu wanaokaa Dodoma miaka mitano, sita, ukiwauliza michoro ya Kondoa iko wapi wanakwambia "si kule Kondoa", basi, imeishia hapo. Jamani, pale ni Urithi wa Dunia, UNESCO waliiandika 2006, kwenye orodha ileile yenye Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro! Na barabara ya kuelekea huko sio ile tena ya kushinda njiani mvua ikinyesha, lami ya Dodoma mpaka Babati imekamilika na ilizinduliwa 2018, unatoka mjini mapema, unapita Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, Mayamaya, unaendelea unaiacha Kondoa mjini, na kabla ya saa tano uko Kolo kwenye ofisi ya malikale unaandikisha jina na kupewa wa kukuongoza. Kutoka hapo kuna njia ya vumbi, halafu mnapanda kilima kwa miguu, na huko juu chini ya miamba iliyoinama wamo twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa, wamechorwa kwa rangi nyekundu na mikono ambayo hatujui majina yake. Kuna pia michoro ya rangi nyeupe, ya baadaye, inayohusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja baada ya wawindaji. Ile nyekundu wataalamu wengi wanaihusisha na jamii za wawindaji ambazo Wasandawe ni ndugu zao, hawahawa Wasandawe tunaokutana nao Kwamtoro na Farkwa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale ambaye wengi tunamjua kwa habari za Olduvai, alikuja hapa 1951 akakaa kuinakili kwa mkono mchoro mmoja baada ya mwingine.

Sasa kuna takwimu moja ya pale kila nikiikumbuka inanikosesha amani. Maelezo ya UNESCO yanasema maeneo yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Isome tena taratibu. Kati ya 150 na 450! Sio kati ya 150 na 160, ni pengo la mia tatu. Maana yake ni kwamba kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336, saa chache tu kutoka bungeni, kuna mapango na miamba ambayo huenda ina michoro ya watu wa kale na hakuna aliyemaliza kuihesabu, yaani inawezekana kwa kila mmoja tunaoujua kuna miwili hatuijui. Mchungaji wa mbuzi wa Pahi anaweza kuwa anaujua mwamba ambao hakuna kitabu kinautaja. Ukilitafakari hilo ndio unaona neno "hakuna pa kwenda" lilivyo zito kulisema, maana sehemu yenyewe hata hatujamaliza kujua ina nini. Mimi nikisikia mtu wa Dodoma analalamika kuboreka, hiyo namba ndio inakuja kichwani, na naumia kweli, kwasababu nchi nyingine wangekuwa na hii wangejaza mabasi ya wanafunzi kila Jumamosi.

Na uzito wa pale sio miamba tu. Kondoa na Chemba ni moja ya sehemu chache sana Afrika ambapo lugha za familia nne tofauti kabisa zinakutana, Warangi wana Kibantu chao, Waburunge Kikushi, wafugaji wa Kidatoga na Kimasai Kinailoti, na Wasandawe na ile lugha yao yenye milio ya ulimi. Siku ya gulio kaa tu pembeni usikilize. Hata ardhi yenyewe ina habari yake, makorongo mekundu unayoyaona njiani ndio yaliyofanya serikali ianzishe mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa sehemu za Kondoa zilizomomonyoka ili ardhi ipone, watu waliumia sana na uamuzi ule lakini ukipita leo unaona miti imerudi kwenye vilima vilivyokuwa vipara. Hiyo nayo ni safari, kuona sehemu iliyokufa ikafufuka.

Wengine hawapendi mambo ya kale, sawa, nendeni Mtera. Barabara ya Iringa lami tupu, bwawa linatokea ghafla upande wa barabara, kubwa, na samaki wanakaangwa palepale mnakula na ugali moto mnarudi mjini jioni. Mwenye kupenda historia ya siasa ana Kongwa, ambako Waingereza walianzisha ule mradi wao wa karanga 1947 wakaja na matrekta kibao, udongo mgumu na ukame vikawashinda, 1951 wakaufuta, halafu miaka ya 60 hapohapo Kongwa wakakaa wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA wakijiandaa kwenda kukomboa nchi zao. Singida ziwa Singidani liko mjini kabisa na kuna majira flamingo wanajaa. Na zabibu, Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, ni jambo la ajabu hilo, mtu wa Ulaya anavuna mara moja, lakini wangapi tumewahi kutembea shambani Hombolo au Mpunguzi mwezi wa mavuno tukala zabibu zikiwa na joto la jua?

Hapa ndipo upande wa pili wanaponibana, na wananibana kihalali. Wanasema sawa, twende, lakini tukifika tunakuta nini? Kolo sehemu za kulala ni za kutafuta, chakula mpaka ubahatike, vibao vya kuelekeza ni vichache, njia ya kutoka lami kwenda kwenye miamba mvua ikinyesha sana gari dogo linakwama, na msichana anayetaka kwenda mwenyewe anafikiria mara mbili. Anayepanda treni kwenda Dar anajua choo kiko wapi, anajua atakula nini na atarudi saa ngapi. Hoja hii ndio naiheshimu kuliko zote, maana mtu amefanya kazi siku tano, siku zake mbili hawezi kuzichezea bahati nasibu. Na wanasema huduma zije kwanza, watu watafuata.

Ila naona kwa sehemu kama Kolo mambo yanaenda kinyume na hapo. Mama ntilie hawezi kupika pilau ya watu ishirini Jumamosi kwa imani tu, akipika wasipokuja imeharibika na mtaji umekufa. Huwa tunasubiriana, yeye anatusubiri sisi na sisi tunamsubiri yeye, miaka inaisha. Kinachowezekana ni watu wa ofisi moja au kwaya moja au chama cha kina mama wakichanga wakajaza kosta, wakapiga simu siku mbili kabla waandaliwe chakula, hapo pilau linapikwa. Halmashauri nazo zikiweka usafiri wa uhakika hata Jumamosi moja kwa mwezi ingesaidia mno. Mwaka 2024 watalii wa ndani waliohesabiwa nchini walipita milioni 3, wengi kuliko wageni wa nje ambao walikuwa milioni 2 na kidogo, kwahiyo watu wa kutembea tunao, tena wengi, swali ni wangapi wanageuza shingo kuangalia kanda ya kati.

Kuna wengine wanapinga kwa sababu tofauti kabisa, na hawa nawaelewa sana. Wanasema iacheni Kolo ilivyo, watu wakijaa itaharibika, na wazee wa pale bado wanapatumia kwa matambiko, Mongomi wa Kolo, moja ya miamba yenye michoro, sio jumba la maonyesho, ni sehemu ya kuombea mvua na wagonjwa mpaka leo. Ni kweli na inabidi iheshimiwe. Lakini tukumbuke pia nani amepaharibu mpaka sasa, ni watu wanaokwenda kwa siri kuchimba wakitafuta "mali ya Wajerumani", eti dhahabu ilifukiwa kwenye mapango, wamechimba mpaka chini ya michoro yenyewe. Hao wanapenda pawe kimya. Watu kumi na tano wenye muongozaji mchana kweupe na kijiji kinachopata riziki kwa sababu ya ule mwamba, huo ni ulinzi, kuliko ukimya tulionao sasa ambapo mtu anaingia na sururu na hakuna anayemuona. Idadi idhibitiwe, wazee washirikishwe siku za kufunga na kufungua, na wapate chao kwenye kiingilio. Mimi sioni hilo likishindikana.

Kwa atakayeamua kwenda, miezi ya Juni mpaka Septemba ndio mizuri, kumekauka na jua halijawa kali sana. Beba maji mengi na viatu vya kupandia. Anzia ofisini Kolo, usipande mwenyewe. Michoro usiiguse na usiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye picha, watu wamefanya sana hivyo na rangi imefifia kwa sababu hiyo, na ukikuta wazee wana shughuli yao hapo pangoni subiri chini mpaka wamalize. Kama huna gari, mabasi ya Babati na Arusha yanapita hapo asubuhi, shida ni kurudi, kwahiyo hakikisha saa nane umeshashuka kilimani uko barabarani, au ulale Kondoa mjini ambako gesti zipo na asubuhi uende ukaone chemchemi.